Kilichofukiwa Chini ya Sanduku Langu

Kila mnapopita kwangu hapa Kambarage, ninyi vijana wa mikutano ya Injili, mnaniuliza swali lile lile: "Babu, zamani mlikusanyaje watu wengi vile bila kipaza sauti?" Mimi hucheka, nikaagiza chai, nikageuza mazungumzo. Nimefanya hivyo miaka mingi, na najua baadhi yenu mmeshaona kwamba nakwepa. Leo sikwepi. Nitawajibu, ila jibu lenyewe halitawafurahisha, wala mimi halinifurahishi.

Nianze na yale ya kazi, msije mkasema mzee amewaita kuja kusikiliza majuto matupu.

Kazi ya kuhubiri barabarani ni ya miguu kabla haijawa ya mdomo. Ukifika sokoni usifungue kinywa. Zunguka kwanza. Jua upepo unatoka wapi, kwa sababu ukisimama unapigwa na upepo usoni, maneno yako yote yanakwenda nyuma yako wakayasikie mbuzi. Jua liangalie lilipo, likuchome wewe machoni, lisiwachome wasikilizaji. Mtu aliyekunja uso kwa jua huwezi kujua kama amekasirika au la. Usisimame mbele ya duka la mtu ukamzibia wateja. Usisimame karibu na bucha, mbwa watapigana katikati ya sala, nimeyaona. Na kabla ya yote hayo, salimia watu.

La kusalimia nilifundishwa Tinde, tena kwa aibu. Nilikuwa nimetoka mafunzoni karibuni, koti limepigwa pasi mpaka linang'aa viwiko. Ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe. Nikapanda juu ya gogo nikaanza moja kwa moja na moto wa milele. Mzee mmoja mfugaji, fimbo mabegani, alinisikiliza kidogo kisha akainua mkono.

"Kijana, wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamtajia.

"Baba yako namfahamu. Hajambo?"

"Hajambo, baba."

"Na ng'ombe wake?"

"Wazima."

"Sasa mbona umetuchoma moto wote hata hujatuambia mwadila?"

Mwadila, kwa wale mliozaliwa mbali, ni salamu yetu Wasukuma ya mchana. Mnada mzima ulicheka. Ndama mmoja alikata kamba kwa kelele zile na watu wakamkimbilia, nikabaki nimesimama juu ya gogo na jehanamu yangu. Tangu siku hiyo sijawahi kuhubiri bila kusalimia, hata nikimhubiria mtu mmoja.

Aliyeniokota pale Tinde ni mzee Petro Luhende, mwinjilisti mwenye umri wa baba yangu. Kabla ya kuokoka Luhende alikuwa manju, kiongozi wa ngoma, na alivuma kuanzia Shinyanga mpaka kwa Wasumbwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba ukitaka watu wasogee, anza kwa sauti ya chini. Ukipiga kelele watakusikia wakiwa mbali, na wakikusikia wakiwa mbali watakaa huko huko. Alinifundisha niache mwanya upande wa barabara, maana mtu haingii kwenye duara lisilo na mlango. Alinifundisha kuondoka watu wakiwa bado wana hamu.

Kubwa zaidi, alinifundisha kuuliza. Siku moja Nyahanga bibi mmoja alituambia, "Wewe una kitabu, na yule wa msikitini ana kitabu. Mimi nina babu zangu waliokufa, ninawajua mmoja mmoja kwa majina. Wa kwenu mmewahi kuwaona?" Mimi nikaanza kupekua kurasa. Luhende akanishika mkono, akamwambia yule bibi, "Mama, hebu tuambie kwanza majina ya hao babu zako." Tulikaa pale mchana kutwa tukisikiliza majina. Hakuokoka siku ile wala siku nyingine ninayoijua, lakini kila tulipopita alitupikia, na akitusikiliza kwa makini kuliko wengi waliokuwa wanajiita wetu.

Sasa mnisikilize hapa, maana hapa ndipo mambo yangu yalipoanzia. Luhende alinisimulia jinsi ngoma zetu zinavyoshindana. Vikundi viwili hucheza kwenye uwanja mmoja, saa ile ile, kila kimoja upande wake. Hakuna mwamuzi. Watu wenyewe ndio waamuzi. Upande waliokimbilia wengi umeshinda, na upande uliobaki na watu wachache huimbiwa wimbo wa kuzomewa mpaka wanafika kwao. Kwa hiyo kila manju alikuwa na mganga wake. Dawa ya kuvuta watu ilifukiwa pale manju atakaposimama, na nyingine ilikuwa ya kumkausha mpinzani sauti.

"Pembe zangu zote za dawa nilizitupa mtoni," aliniambia Luhende, "lakini tamaa ya kuzungukwa na watu haikutupika. Zakaria, watu wengi ni pombe. Ukilewa hujui kama umelewa."

Nikaitikia, ndiyo mzee. Kuitikia ni rahisi.

Miaka ya hamsini misheni ilinipeleka upande wa Geita, kwenye kambi ya mgodi mdogo wa dhahabu uliokuwa wa Mzungu mmoja. Mimi na mke wangu, Mama Rebeka, tulipewa chumba cha bati kwenye safu ya vyumba vya wafanyakazi. Watu wa kila kabila walikuwepo: Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa, Waha, Wamanyema. Nusu Wakristo, nusu Waislamu, na wengine hawakuwa huku wala kule. Wasukuma ndio waliokuwa wengi.

Kwa Waislamu wa pale kiongozi wao alikuwa Mwalimu Sefu, mtu wa Ujiji, mwembamba, mpole. Mchana alishona nguo kwenye kibaraza chake, jioni alisomesha watoto Kurani. Tulijuana kwa sababu ya koti langu, lile lile la Tinde, ambalo sasa lilikuwa limepasuka mfukoni.

"Mwinjilisti," aliniambia siku ya kwanza, mguu ukiwa juu ya kanyagio la cherehani, "ninyi mnasema Isa ni mwana wa Mungu. Sisi tunamheshimu sana, lakini hapo hatufiki."

"Na sisi hapo ndipo tunapoanzia, Mwalimu."

"Basi tumekutana njiani, mmoja anakwenda, mwenzake anarudi. Kaa, chai ipo."

Tulibishana mpaka koti likaisha. Nilipotaka kuondoka akagundua kifungo kimoja kimelegea. Kesho yake akagundua kingine. Nawaambia, nimezungumza na watu wa dini nyingine maisha yangu yote, lakini sikupata tena mtu wa kubishana naye kwa raha kama yule. Alikuwa akinibana mpaka natoka jasho, na nikimpata alikuwa akigonga meza ya cherehani kwa kidole na kusema, "Hiyo umenipata, nipe siku mbili." Na baada ya siku mbili kweli analeta jibu.

Mapumziko kambini yalikuwa Jumapili tu. Nyapara mkuu alituruhusu kutumia uwanja wa mpira kuanzia saa kumi jioni, kwa muda wa saa moja tu, kwa sababu baadaye vijana walitaka kucheza. Mimi nilitaka saa hiyo, na Sefu aliitaka. Akasema, "Tusigombane. Wewe simama goli la huku, mimi goli la kule. Anayetaka huku aje huku, anayetaka kule aende kule."

Ilionekana haki. Nikakubali, tukapeana mikono.

Vijana wangu, fikirini. Uwanja mmoja, saa ile ile, huku mmoja, kule mmoja, na Wasukuma wamejaa katikati. Sefu alikuwa mtu wa Ujiji, hakuwa na namna ya kujua tumetengeneza nini. Mimi nilizaliwa humo. Mimi nilipaswa kujua, na nadhani nilijua.

Jumapili ya kwanza watu walitembea tu, kidogo huku, kidogo kule. Jumapili ya pili kiongozi wa kwaya yangu, Yohana Masanja, alikuja na ngoma kubwa. Yohana alikuwa mfanyakazi wa winchi mgodini, mtu wa miraba minne, na ujanani alicheza ngoma. Akapiga ngoma ile, na watu wakaanza kukimbia. Walikimbilia kwangu. Sefu akapandisha sauti, wakamkimbilia yeye. Kwaya ikaimba, wakarudi. Filimbi zikapigwa, vumbi likafunika magoli. Nilisikia kwa masikio yangu mtu akimuuliza mwenzake, "Wewe ni wa upande gani?" kwa sauti ile ile tunayoulizana kwenye ngoma.

Ningeweza kusimamisha siku ile. Nilikwenda nyumbani nimelowa jasho, moyo unanidunda, na nikamwambia Mama Rebeka, "Leo tulikuwa wengi kuliko wao." Alinitazama, akaendelea kuchambua dagaa. Juma hilo niliandika barua misheni kueleza umati. Jibu likaja haraka, na ndani yake mchungaji mkuu alisema atakuja mwenyewe kuona.

Jumapili ya tatu nilifika uwanjani mapema na sanduku langu. Lilikuwa sanduku la chai nililokuwa nasimama juu yake. Nikazunguka kama nilivyofundishwa, upepo, jua, yote. Pale pa kusimama nikaona udongo mbichi, mweusi, umefukuliwa na kushindiliwa tena, wakati uwanja wote ulikuwa mkavu kama tofali. Upana wake kiganja cha mtu mzima.

Nilijua ni nini. Msidhani kulikuwa na shaka. Nilisimama pale, nikatazama kulia na kushoto kama mwizi. Halafu nikaweka sanduku langu juu yake, nikapanda.

Siku ile kambi yote ilikuja kwangu. Hata wanawake wa Kiislamu walisimama kwa mbali wakiangalia. Kule ng'ambo Sefu alijitahidi kuishinda ngoma ya Yohana, akapiga kelele, akakohoa, akainua mkono kusema jambo, na sauti haikutoka. Nilimwona kinywa kikifunguka na kujifumba. Mimi leo nasema lilikuwa vumbi, na kupiga kelele Jumapili tatu mfululizo kwa mtu aliyezoea kuongea kibarazani. Lakini watu wa pale hawakuwa na habari ya vumbi. Walitazamana tu. Kisha watu wa Yohana wakaanzisha wimbo wa kuzomea, wimbo wa manju aliyekaushwa sauti, wakamwimbia mwalimu wa watu mpaka mlangoni kwake.

Sikuwanyamazisha. Nilijiambia nitawanyamazisha nikimaliza sala, na sala nikairefusha.

Jumatatu asubuhi ndipo hofu iliponiingia sawasawa. Mgodi ule ulikuwa na shimo moja la kwenda chini, refu, ambalo wachimbaji wa leo wangeliita duara. Mtu alishuka akiwa amesimama ndani ya ndoo kubwa ya chuma, ameshika kamba, na juu watu wawili walizungusha winchi kwa mikono, mmoja kila upande. Hakukuwa na breki ya kuaminika. Breki ilikuwa wale watu wawili. Asubuhi ile Waislamu walikataa kushuka kama winchi imeshikwa na Mkristo. Wakristo nao waliposikia, wakasema hawashuki kama imeshikwa na Mwislamu. Walisema mwenye kukausha sauti anaweza kukausha na mkono, na mwenye kuonewa hulipa. Nyapara akatishia kufukuza wote.

Jumatano Rashidi, mpwa wake Mwalimu Sefu, akasema yeye haogopi upuuzi, akaingia kwenye ndoo. Upande mmoja wa winchi alikuwepo Yohana. Katikati ya safari mkono wa winchi ukamponyoka. Ndoo ikaanguka kiasi cha urefu wa watu wawili kabla mwenzake hajakita mguu na kuikamata. Rashidi alipandishwa amechunika mguu kuanzia gotini mpaka kwenye kifundo. Yohana akaapa kwamba ni jasho la mikono. Mpaka leo sijui, na nimeacha kujiuliza, kwa sababu kila nikijiuliza najikuta nauliza habari za mkono wangu mwenyewe.

Jioni ile wanaume kama kumi na tano walikusanyika kwenye kibaraza cha Sefu na mapanga. Hakuwa na sauti ya kuwakataza. Alisimama mlangoni akanyoosha mikono yote miwili, huku na huku, akawazuia kwa kifua chake mpaka wakakaa chini.

Nilikwenda kwake walipopungua. Alikuwa anakunywa maji ya tangawizi, shingo imefungwa kitambaa, cherehani imefunikwa. Akanionyesha kiti. Akaninong'oneza, na ilibidi niiname kabisa.

"Wanasema kuna kitu kimefukiwa chini ya sanduku lako."

Nikaitazama ile cherehani iliyofunikwa.

"Mimi siamini kama unaweza kuniroga. Hata kifungo cha koti hukiwezi." Akatabasamu kidogo. "Nataka kuwajibu hawa vijana. Nikiwaambia nimekuuliza na umesema hapana, wataniamini. Kuna kitu pale?"

"Sijui, Mwalimu," nikasema.

Akanitazama, akaitikia kwa kichwa. Hakunionyesha kifungo chochote kilicholegea. Nikaondoka.

Nyumbani Mama Rebeka aliniuliza Mwalimu amesemaje, nikamweleza. "Na wewe umemjibu nini?" Nikamwambia. Akaweka sufuria chini.

"Baba Rebeka, kesho au keshokutwa mtu atadondoka mle shimoni. Utamzika kwa ibada gani?"

"Sikuifukia mimi."

"Sikuuliza nani ameifukia."

Nikatoka kumtafuta Yohana. Nilimkuta amekaa mlangoni kwake, mikono katikati ya magoti. Nilikuwa nimejiandaa kumkemea kwa maneno makali, maneno ya mtumishi. Nikamuuliza kwa nini alifanya vile. Hakukataa. Alinitazama kama mtu aliyeonewa.

"Mwinjilisti, ulitaka watu. Kila Jumapili ulikuwa unaniuliza, leo tulikuwa wangapi, Yohana, leo tulikuwa wangapi? Hukuniuliza hata siku moja kama watu wameelewa. Nikakuletea watu. Na wewe uliuona udongo, mimi nilikuwa nimesimama hapo nyuma, nilikuona ukiutazama. Ukapanda. Nikajua umekubali."

Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo wanavyosema, lakini wakati mwingine hakiko nguoni, ni wewe mwenyewe uliyeivaa hiyo nguo. Nilirudi nyumbani sikukemea mtu. Niliugua mpaka Jumapili. Kila nikisikia kelele upande wa shimo nilisimama nikidhani tayari. Kazi ilikuwa imesimama na wanaume wamekaa vikundi vikundi, huku hawa, kule wale, mapanga yakinolewa mchana kweupe.

Jumapili nilikwenda uwanjani na jembe. Kwaya ilikuwa tayari, ngoma ipo, watu wamejaa kuliko wiki iliyotangulia, maana sasa walitaka kuona mwisho wake. Upande wa pili Sefu hakuwepo. Walikuwepo vijana wake, wamesimama kimya. Niliwasalimia wote. Nikasogeza sanduku, nikachimba. Jembe lilipiga kitu mapema tu. Nikatoa pembe ndogo ya swala, mdomo umezibwa kwa nta, imefungwa kitambaa chekundu.

Nikainyanyua juu wote waione. Nikasema, "Jumapili iliyopita nilisimama juu ya hii. Niliuona udongo, nikajua, nikanyamaza. Mwalimu Sefu aliniuliza, nikamwambia sijui. Nilimdanganya. Mimi sikumshinda mtu hapa, na hapa hapakuwa na mashindano ya ngoma. Anayetaka kulipiza, anayestahili kulipizwa ni mimi."

Sikutaja jina la Yohana. Nilisubiri mawe.

Kisha mchimbaji mmoja wa mbele, Msukuma mwenzangu, akainua mkono kwa adabu. "Mwinjilisti, huyo mganga anakaa wapi?"

Mwingine akadakia, "Kama unaitupa nipe mimi, mke wangu anauza maandazi na watu hawamwoni!"

Mngekuwepo mngecheka, na watu walicheka. Mimi nilikaribia kulia. Niliimwagia pembe ile mafuta ya taa nikaichoma mbele yao, na nawaapia, umati wote uliguna kwa masikitiko kana kwamba nimechoma ghala la mtama. Wale vijana wa Kiislamu waliondoka. Sikujua wameondoka na nini moyoni.

Jumapili iliyofuata, saa kumi, nilisimama golini kwangu, na hakuna aliyekuja. Hata mmoja. Kwa akili yao dawa imechomwa, sasa waje kuona nini? Yohana na kwaya hawakuja kwa aibu. Na kama bahati yangu ilivyo, mchungaji mkuu aliwasili siku ile ile kuona ule umati. Akasimama kando ya uwanja na kofia yake mkononi. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo nikamwona Mwalimu Sefu anakuja, anakatiza katikati ya uwanja, taratibu, kanzu nyeupe, shingo bado imefungwa. Kambi nzima ilikuwa inachungulia milangoni. Akafika mbele ya sanduku langu, akakunja kanzu, akaketi chini vumbini. Niliinama kumsikia.

"Usifurahi, sikuja kubatizwa," alininong'oneza. "Nimekuja waone nimekaa hapa mbele yako na sijafa. Hubiri basi, wanatutazama."

Nikashuka kwenye sanduku kwanza. Halafu nikamwambia lile ambalo nilipaswa kumwambia kibarazani kwake: kwamba kitu kilikuwepo, na nilijua. Akaitikia kwa kichwa mara moja tu. Nikahubiri. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka nilisema kwa sauti ya chini na kwamba alikunja uso mahali alipokuwa hakubaliani. Mchungaji aliniuliza baadaye yule ndiye mwongofu wangu? Nikasema hapana. Kwa hayo na mengine alinihamisha, nikakaa miaka miwili nikifundisha watoto kusoma bila ruhusa ya kuhubiri, na ilikuwa halali yangu.

Lakini kabla sijahama kulikuwa na Jumatatu. Sefu alipoinuka pale vumbini aliniambia, "Kesho Rashidi anashuka. Winchi tunashika mimi na wewe. Nimekwisha zungumza na nyapara."

Sijawahi kuogopa kama asubuhi ile. Mikono yangu ilikuwa ya kushika kitabu, yake ilikuwa ya kushika sindano. Watu wa pande zote mbili walizunguka shimo. Rashidi akaingia kwenye ndoo na mguu wake uliofungwa bendeji. Tukaanza kuachia, nusu duru, nusu duru, uzito wa mtu mzima ukinivuta mabega, jasho likinitiririka machoni na siwezi kulipangusa. Nilisikia mapafu ya Sefu yakikoroma upande wa pili. Kila kamba ilipolia nilidhani ndiyo mimi nimeua. Baada ya muda ambao sitausahau kamba ikalegea, na kutoka chini kabisa ikaja sauti ya Rashidi: "Nimefika!"

Tukaipandisha ndoo tupu. Nyapara akaita, "Mwingine!" Hakuna aliyesogea. Walikuwa wanatazama viatu vyao.

Kisha Yohana Masanja akatoka katikati ya watu. Kambi yote ilikuwa imeshajua ni nani aliyefukia. Mambo hayo hayafichiki. Alikuwa mtu wa winchi, miaka mingi hajashuka shimoni. Akafika ukingoni, akaitazama kamba, akatazama mikono ya Mwalimu Sefu juu ya ule mkono wa chuma, akamtazama Mwalimu mwenyewe usoni. Midomo yake ilikuwa imepauka. Mwalimu alifungua kinywa amwambie asiogope, na sauti haikutoka. Akabaki anamtazama tu, akashika winchi kwa mikono miwili na kukita mguu kwenye gogo la winchi.

Yohana akafumba macho, akaingia ndani ya ndoo.